Paa, Ukuta na Mabati: Sanaa ya Nairobi na Safari ya Kutafuta Mahali pa Kutunzwa

Kijiji cha Silanga kilipewa jina na maji. Huku bara, silanga ni bwawa, na chini ya kijiji hiki cha Kibera, mtaa wa mabanda wa Nairobi, liko Bwawa la Nairobi, lililojengwa mwaka 1953 ili jiji lipate maji ya kunywa. Leo bwawa limejaa tope na magugu, na mgeni akiambiwa kwamba hapo zamani watu walikuwa wakiendesha mashua za tanga, huangalia mara mbili. Maji yameondoka, jina limebaki. Nimeanzia hapa kwa sababu sanaa ya Kibera imepatwa na jambo kama hilo kwa muda mrefu. Mtu huchora kwenye bati, bati likauzwa. Huandika ukutani, ukuta ukabomolewa. Picha nzuri ikitokea, hununuliwa na mgeni ikapanda ndege. Wanaobaki ni wasimulizi wanaosema, palikuwa na mchoro hapa.

Kiswahili kimelipa jengo la kuhifadhi vitu vya kale jina linalolitwika kazi. Makumbusho ni mahali pa kukumbushwa. Nairobi ilipata ya kwanza mwaka 1910, wakati chama cha walowezi na maofisa waliopenda viumbe na mimea kilipoanza kukusanya ndege waliokaushwa, vipepeo na mifupa. Mwaka 1930 likafunguliwa jengo la Makumbusho ya Coryndon kwenye kilima kinachotazama Mto Nairobi, na baada ya uhuru likawa Makumbusho ya Taifa. Upande wa pili wa mji, tangu mwaka 1904, askari wa Kinubi waliotoka Sudan kuitumikia Uingereza walikuwa wameanza kupewa makao katika msitu waliouita Kibra, ndiyo Kibera ya leo. Eneo lililotengwa lilizidi ekari 4,000. Zaidi ya karne moja baadaye, mwaka 2017, vizazi vyao vilikabidhiwa hatimiliki ya ekari 288. Katika miongo hiyo yote makumbusho yalijua idadi ya manyoya kwenye bawa la ndege wa Kenya, lakini mikeka na vifuniko vya chakula vya rangi vilivyosukwa na akina mama wa Kinubi pale Makina, ndani ya Kibera, vilikuwa ni vyombo vya nyumbani tu. Nani angevitia kwenye kabati la kioo?

Swali hilo la nani anatunza na anatunza nini ndilo lililowasumbua watu walioanzisha kituo cha Paa ya Paa mwaka 1965. Miongoni mwao walikuwamo Elimo Njau, mchoraji aliyezaliwa Marangu chini ya Mlima Kilimanjaro na kusomea Makerere, na Jonathan Kariara, mshairi na mhariri. Kabla ya hapo Njau alikuwa amechora kuta za kanisa la Murang'a, akaweka kuzaliwa na mateso ya Kristo katika mandhari ya Kikuyu, penye migomba, vibuyu na vilima vya nyumbani. Jina la kituo linamfurahisha kila anayekijua Kiswahili. Paa ni mnyama, na paa ni kuruka juu: mnyama anayeinuka. Neno hilohilo pia ni kifuniko cha nyumba, na maana hii ya tatu tutaikuta tena Kibera. Paa ya Paa palikuwa mahali ambapo Mwafrika angeweza kuonyesha kazi yake bila kuomba ruhusa ya mtu wa klabu ya walowezi. Washairi walisoma, wachongaji walichonga, watoto walichora. Mwaka 1997 moto ukaingia, ukateketeza sehemu kubwa ya kazi zilizokusanywa kwa miaka thelathini na zaidi. Walioanza upya walianza juu ya majivu. Kwangu mimi hasara ile ni kubwa kuliko tulivyokubali kuisema, kwa maana nchi nzima ilikuwa imeiachia familia ya Njau mzigo wa kuitunzia kumbukumbu.

Mwishoni mwa miaka ya 1960 ilizaliwa pia Gallery Watatu, iliyoitwa hivyo kwa sababu waanzilishi walikuwa watatu: Yony Waite, Robin Anderson na David Hart. Baadaye, chini ya Ruth Schaffner, iliwauzia kazi wachoraji ambao hawakuwahi kukanyaga chuo cha sanaa. Jak Katarikawe, Mganda aliyeota ng'ombe wa rangi za upinde wa mvua, alijulikana duniani kupitia mlango huo. Lakini duka ni duka. Picha ikiuzwa vizuri huondoka, na picha nyingi bora za miaka ya 1980 na 1990 ziko Ulaya na Marekani. Mtoto wa Nairobi anayetaka kuona wazee wake walivyochora humwona Katarikawe kwenye simu.

Joseph Murumbi aliliona tatizo hili mapema kuliko wengi. Alikuwa Makamu wa Rais mwaka 1966, akajiuzulu mwaka huohuo, na maisha yake yaliyobaki akayatumia kukusanya vitabu, nguo, vinyago, stempu na michoro ya Afrika nzima. Katika miaka ya 1970 aliiuzia serikali mkusanyo wake pamoja na nyumba yake ya Muthaiga, akitumaini kwamba hapo patasimama taasisi ya masomo ya Afrika. Taasisi haikusimama, na nyumba iliachwa ikaharibika. Alifariki mwaka 1990. Sehemu ya vitu vyake unaweza kuiona leo katika jengo la Nyaraka za Taifa, na nyingine katika Nairobi Gallery, ofisi ya zamani ya mkuu wa mkoa iliyojengwa mwaka 1913, ambako wakazi waliandikisha vizazi, ndoa na vifo. Pale ndipo umbali wa barabara za Kenya ulipoanzia kupimwa. Nikiingia humo hujiuliza Silanga iko maili ngapi kutoka hapo, kwa kipimo cha mambo yaliyoandikishwa.

Kisha zikaja karakana. Kuona Trust ilianza mwaka 1995 ndani ya uwanja wa Makumbusho ya Taifa, ikawapa vijana nafasi ya kufanya kazi na kutazamana wakifanya kazi. Kituo cha sanaa cha GoDown, chini ya Joy Mboya, ikafungua maghala ya Eneo la Viwanda mwaka 2003. Miaka kumi baadaye GoDown ilianzisha tamasha la Nai Ni Who, ambamo kila mtaa ulipewa zamu ya kujieleza na wakazi wenyewe wakawa waongozaji wa wageni. Hilo lilikuwa wazo zuri sana: kwa siku chache mji mzima unageuzwa jumba la maonyesho, na mwenye mtaa ndiye anayejua hadithi.

Lakini wazo hilo, Kibera walikuwa wamelitangulia kwa miguu.

Mwaka 2001 vijana wawili waandika mabango, Otieno Gomba na Otieno Kota, walivaa mashuka kama Wamaasai na kupita vichochoroni wakiwa na brashi na makopo ya rangi, wakitafuta kazi. Wajaluo wawili ndani ya shuka la Kimaasai! Watu walisimama, wakacheka, wakauliza, na kazi ikapatikana. Wakaitwa Maasai Mbili. Sarufi ya darasani ingedai Wamaasai Wawili, lakini jina lile ni Kiswahili cha mtaani Nairobi, na lingerekebishwa lingekufa. Karakana yao ndani ya Kibera ikawa mahali ambapo mtu anayetoka kuteka maji huweza kusimama mlangoni na kuangalia picha inavyozaliwa.

Nataka kukaa kidogo kwenye kazi ya bango, kwa sababu ndiyo shule yao. Bango la Kibera hufanya mambo mengi kwa rangi tatu. Kinyozi hutaka vichwa vinne vyenye mitindo tofauti ya nywele, kila kimoja na bei yake. Mwenye hoteli hutaka chapati, ndengu na chai inayotoa moshi. Fundi viatu, mganga, kanisa la kukesha, choo cha kulipia: kila mmoja ana herufi zake na kivuli chake cha herufi. Mwandishi wa mabango hujifunza kupima nafasi, kumvuta mpita njia kwa sekunde mbili, na kuchora uso unaotambulika kwa kipande cha mkaa na nusu kopo la rangi ya mafuta. Ukitaka kujua mtaa ulikula nini, uliugua nini na uliomba nini mwaka fulani, mabango yake yatakuambia kabla ya ripoti yoyote. Maasai Mbili walichukua ujuzi huo na kuupeleka mbele: bati kuukuu, mbao za paleti za kubebea mizigo, nguo za mitumba, maneno ya barabarani, vyote vikawa turubai. Hawakuacha kuandika mabango walipoanza kuitwa wasanii, na hilo naliheshimu.

Mwisho wa Desemba 2007 uchaguzi ukavurugika, na Januari Kibera ikawaka. Nchini kote watu zaidi ya 1,100 waliuawa na mamia ya maelfu wakahama makwao. Reli inayokatiza Kibera iling'olewa, vibanda vya soko la Toi vikawa majivu. Katika siku hizo mmoja wa Maasai Mbili, Solomon Muyundo, anayejulikana kwa jina la Solo 7, alitoka na rangi na brashi akaanza kuandika. Aliandika kwenye kuta, kwenye milango, kwenye mabati yaliyoungua, kwenye lami. Ujumbe wake ulikuwa mfupi: aliwasihi Wakenya wenzake waitunze amani. Aliuandika tena na tena, mahali pengi hata ikawa huwezi kwenda dukani bila kuusoma. Hakukuwa na mdhamini, wala ufunguzi wenye juisi na vitafunio. Wenzake nao waliketi na watoto wa mtaa, wakawapa karatasi na rangi wachore walichokiona. Maandishi ya Solo 7 yalibaki miaka mingi baada ya hapo, yakififia polepole kwa jua na mvua, na sidhani kama kuna onyesho la sanaa nchini Kenya lililotazamwa na watu wengi kwa muda mrefu kama lile.

Mwaka uliofuata, Januari 2009, Mfaransa aitwaye JR alikuja na picha kubwa za macho na nyuso za wanawake wa Kibera, akafunika nazo paa za nyumba, jumla ya mita za mraba zipatazo 2,000. Zilichapwa kwenye plastiki isiyopitisha maji, kwa hiyo nyumba zilizokuwa zikivuja zikakoma kuvuja. Macho mengine yalibandikwa ubavuni mwa mabehewa ya treni, na sehemu ya chini ya nyuso hizohizo ikawekwa kwenye mabati yaliyosimamishwa kwenye mteremko wa reli. Treni ikipita, kwa kufumba na kufumbua, macho na midomo vilikutana na uso ukakamilika. Hapa ndipo paa la tatu lilipokutana na lile la Elimo Njau. Wapo waliolalamika kwamba picha zile zilionekana vizuri zaidi kutoka angani, na angani hakai mtu wa Kibera. Lalamiko hilo lina haki yake. Lakini mama aliyelala usiku wa masika bila kusogeza kitanda naye ana neno la kusema kuhusu faida ya sanaa.

Treni ileile ilirudi kwenye historia mapema mwaka 2013, karibu na uchaguzi, wachoraji wa graffiti wa Nairobi walipopewa mabehewa ya abiria wayapake jumbe za amani. Miongoni mwao alikuwamo Bankslave, kijana wa Kibera ambaye kuta zenye sura za watu wakubwa zimemfanya ajulikane mbali. Treni ambayo reli yake iling'olewa miaka mitano kabla ikapita katikati ya mabanda ikiwa imepambwa na watoto wa hapohapo.

Upande wa Kawangware, mtaa mwingine wa Nairobi, hadithi ni nyingine, na nitaipitia kwa haraka, ingawa ningependa mwenyeji wa huko siku moja aiandike kwa kirefu. Kawangware haikupata karakana ya kusifiwa magazetini. Jumba lake la maonyesho ni barabara, na picha zake husafiri kwa matatu namba 46. Kanuni za matatu za Waziri wa Uchukuzi, Michuki, zilipoanza kutekelezwa Februari 2004, magari yalipakwa rangi moja na mstari wa njano, na kizazi kizima cha wachoraji wa matatu kikapoteza kuta zake kwa siku moja. Sheria ile iliokoa maisha barabarani, sina ubishi. Ila ilifuta pia picha ambazo hakuna aliyezipiga chapa wala kuziorodhesha. Marufuku ya michoro ililegezwa mwishoni mwa mwaka 2014, na rangi zikarudi kwa kishindo. Miaka ile kumi ya ukimya hatuwezi kuirudisha.

Julai 2018 tingatinga ziliingia Kibera kupisha barabara ya kuunganisha Ngong na Lang'ata. Watu wapatao 30,000 walikosa makao. Shule, makanisa na vituo vya afya vikaanguka. Watu ndio kwanza, na mchoro hauwezi kulinganishwa na mtoto aliyelala nje. Lakini pamoja na nyumba ziliondoka kuta zilizokuwa na maandishi ya 2008, mabango ya mafundi waliokwisha kufa, majina ya timu za mpira. Sijasikia kwamba kuna aliyepita siku moja kabla na kamera ili walau kumbukumbu ibaki.

Kwa hiyo habari zilipotoka kwamba mchoraji Michael Armitage, aliyezaliwa Nairobi mwaka 1984 na ambaye huchora juu ya lubugo, kitambaa cha gome la mti kutoka Uganda, alikuwa ameanzisha mwaka 2020 taasisi ya sanaa ya kisasa ya Nairobi, mimi nilizipokea kama mtu aliyengoja mvua. NCAI, kama inavyoitwa kwa kifupi, si duka. Haiuzi picha. Ilifungua milango yake mwanzoni mwa mwaka 2022 ndani ya jengo la maduka la Rosslyn Riviera, kwenye barabara ya Limuru, na onyesho lake la kwanza lilimrejesha Sane Wadu nyumbani kwa heshima. Wadu alikuwa mwalimu aliyeacha ualimu katika miaka ya 1980 ili achore. Alivaa nguo alizozichora mwenyewe, watu wakamwita mwendawazimu, naye akajichukulia jina la Kiingereza lenye maana ya mwenye akili timamu. Miaka karibu arubaini ya kazi yake iliwekwa chumba kimoja baada ya kingine, kutoka ng'ombe na mashamba hadi siasa na imani, na kijana wa Kenya aliweza kumwona mchoraji wa Kenya akizeeka ndani ya picha zake. Baadaye mwaka huohuo ikafuata kazi ya Chelenge Van Rampelberg, mchongaji na mchoraji wa kike aliyejifunza mwenyewe.

Mwaka wa taasisi ya namna hii haupimwi kwa wingi wa fungua-funga. Maonyesho huwa machache na hukaa miezi, ili mwalimu aweze kurudi na darasa lake. Katikati yake yako mazungumzo na wasanii, maktaba ambamo mtu anaweza kukaa na kitabu kisichopatikana kwingine mjini, na kazi isiyoonekana ya kuwatafuta wazee, kuwarekodi sauti, na kuandika mchoro fulani ulifanywa lini na uko kwa nani. Kazi hii ya mwisho ndiyo ninayoiombea umri mrefu zaidi. Mwaka 2021 onyesho lililofanyika Makumbusho ya Taifa lilitangaza orodha ya vitu zaidi ya 32,000 vya Kenya vilivyomo katika makumbusho ya nchi za nje. Kama tungekuwa na orodha yetu miaka hamsini iliyopita, leo tungekuwa tunadai kwa majina.

Tatizo langu ni nauli. Kutoka Silanga hadi Rosslyn ni kupanda hadi barabarani, kuchukua 8 au 32 kwenda mjini, kuvuka mji kwa miguu, na kupanda gari jingine la kuelekea Ruaka. Kisha kuna lango la jengo la maduka, na askari anayemkagua mtu begi na viatu kwa jicho moja. Mtoto wa darasa la sita anayechora vizuri kule Silanga hatafika huko peke yake. Siilaumu taasisi kwa hilo, maana taasisi changa hukaa inapopewa paa. Lakini naamini ukuaji wake wa kweli utapimwa kwa idadi ya watoto waliofika kutoka mitaa ambayo matatu zake hazipiti barabara ya Limuru, na kwa idadi ya siku ambazo wahifadhi wake watafunga ofisi na kuja upande huu na madaftari yao.

Wanaokaa upande huu nao hawajalala. Mwaka uleule wa 2022, Wajukuu Art Project, wasanii wa Lunga Lunga katika mtaa wa mabanda wa Mukuru, Nairobi, walialikwa Kassel, Ujerumani, kwenye documenta, onyesho linalofanyika kila baada ya miaka mitano na kuheshimiwa kuliko karibu yote duniani. Walijenga kwenye mlango wa jumba njia ya mabati yaliyotoboka, ya giza, iliyomlazimu kila mgeni apite kama anavyopita mtu wa Mukuru kwenda nyumbani kwake. Walipewa Tuzo ya Arnold Bode. Miaka saba kabla, Kenya ilikuwa imeaibika kwenye maonyesho ya sanaa ya Venice, Italia, kwa banda la taifa lililojaa wasanii wa kigeni, hadi serikali ikalikana. Sasa mabati ya Nairobi yalikuwa yamesimama katikati ya Ujerumani bila kumwomba mtu radhi. Na kazi ya Wajukuu nyumbani ni ileile ya tangu mwanzo wa miaka ya 2000: kuwafundisha watoto wa mtaa kuchora. Huko Kibera nako, Oktoba 2023, mshonaji David Avido aliyekulia humo alianzisha wiki ya mitindo ya Kibera, vitambaa vikatembezwa palepale vilipokatiwa.

Mimi nimeanza kazi ndogo. Nikipita Silanga hupiga picha za mabango, nikaandika tarehe, kijiji na kilichokuwa kikiuzwa. Wiki chache zilizopita nilisimama mbele ya kibanda cha M-Pesa ambacho rangi yake ya kijani ilikuwa imebanduka. Chini yake kilitokeza kichwa cha kinyozi, na chini ya kinyozi nusu ya neno lililoandikwa kwa herufi nyeusi za brashi pana, sikuweza kulisoma lote. Mwenye kibanda alitoka akaniomba radhi kwa uchafu. Akasema fundi yuko njiani na rangi mpya, ningojee kidogo nipige picha ikiwa nzuri. Nilimwomba aniruhusu nipige kwanza kama ilivyo. Akanishangaa, kisha akaondoa jerikani lililokuwa limeuziba ule mstari wa chini.

Fundi alipofika, alichungulia lile neno kwa muda, akaweka kopo chini na kulifuata kwa kidole, herufi moja baada ya nyingine.